Simba, fisi au chui? Kusoma meno kwenye mzoga kabla ya kuchagua boma

Kumekucha, boma limebomolewa upande mmoja, ng'ombe mmoja amelala vichakani na fisi wawili wanaondoka mbio, midomo myekundu. Nusu ya kijiji itaapa kwamba fisi ndiye muuaji. Pengine ni kweli. Lakini anayekutwa akila si lazima awe ndiye aliyeua, na kosa hili huwagharimu wafugaji fedha nyingi. Mtu ananunua waya wa kumzuia fisi, kumbe anayemwingilia ni simba anayewatia ng'ombe kiwewe mpaka wanavunja zizi wenyewe kutoka ndani. Mwingine anainua ukuta dhidi ya simba wakati mbuzi wake wanachukuliwa na chui anayepita juu.

Kosa hili lina upande wa pili pia. Miaka ya 1960, mtafiti Hans Kruuk aliwafuatilia fisi wa Ngorongoro usiku kucha, akakuta kwamba sehemu kubwa ya chakula chao waliiwinda wenyewe, na mara nyingi simba aliyeonekana asubuhi akila kwa madaha alikuwa amewapora fisi. Kwa hiyo usiangalie nani yuko juu ya mzoga. Angalia meno yameingia wapi, yameingia kwa namna gani, na kama mnyama alikuwa bado hai yalipoingia.

Kabla ya kushika kisu

Kama mzoga hauna jeraha lolote, umevimba haraka, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au sehemu ya haja, usiupasue. Hizo ni dalili za kimeta, na kuupasua mzoga wa kimeta ni kuvimwaga vimelea vyake kwenye udongo wa malisho, ambako hudumu miaka mingi. Mwite daktari wa mifugo. Hapo hakuna cha kumsingizia simba.

Kama majeraha yapo, fika mapema. Tai na bweha wakishamaliza kazi yao, utabaki kubahatisha. Piga picha ya mzoga mzima kabla ya kuugusa, kisha picha za karibu ukiwa umeweka kitu cha kipimo kando ya jeraha. Rula ni bora, lakini hata kiberiti kitafaa. Zunguka mbali kidogo kutafuta nyayo na alama za kuburuta kabla watu na mbwa hawajazikanyaga. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ikibidi.

Halafu chuna shingo. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye jibu. Pasua ngozi kutoka chini ya kidevu mpaka kifuani, uifungue pande zote mbili, uangalie upande wake wa ndani pamoja na nyama iliyo chini. Kwa nje, manyoya huficha mashimo; mnyama aliyenyongwa anaweza asionyeshe hata tone la damu. Kwa ndani utaona wazi. Shimo lililozungukwa na damu iliyovilia, nyekundu iliyokoza au nyeusi, limetobolewa moyo ukiwa bado unapiga. Shimo jeupe lisilo na damu kwenye nyama limetobolewa baada ya kufa, yaani hiyo ni alama ya mlaji tu. Fanya hivyo hivyo kwenye paja, kiwele na mgongo. Ukikuta damu imevilia kooni na haikuvilia kwenye paja lililoliwa, aliyeshika koo ndiye aliyeua, hata kama paja limetafunwa na mwingine.

Pima umbali kati ya mashimo mawili ya chonge, katikati ya shimo moja hadi katikati ya la pili, kwenye upande wa ndani wa ngozi. Pima jozi zaidi ya moja, maana mnyama akihangaika ngozi huvutika na meno huteleza. Vipimo vifuatavyo ni vya makadirio, vya chonge za juu za mnyama mzima. Chonge za chini hukaribiana zaidi.

| Mnyama | Meno yote | Kati ya chonge za juu | Anapoua | Anachobakiza |
|---|---|---|---|---|
| Simba | 30 | sm 6–8 | Koo, au pua na mdomo | Mifupa mikubwa, fuvu, tumbo la majani |
| Chui | 30 | sm 3.5–5 | Koo au kisogo | Mzoga uliofichwa, manyoya yaliyonyofolewa |
| Duma | 30 | sm 3 na kidogo | Koo | Mifupa karibu yote, ngozi |
| Fisi madoa | 34 | kama sm 5 | Tumbo, kinena, kiwele, miguu ya nyuma | Vipande vya mifupa, pembe, mara nyingine damu tu |
| Mbwa mwitu | 42 | kama sm 4 | Ubavu na nyuma, meno mengi madogo | Kichwa, ngozi, uti wa mgongo |
| Bweha | 42 | kama sm 2 | Koo la mwanambuzi au mwanakondoo | Sehemu kubwa ya mzoga |

Usilishike jedwali hili peke yake. Chui dume mkubwa, fisi na simba mdogo anayejifunza kuwinda wanaweza kukupa kipimo kinachokaribiana. Mahali alipouma ndipo panapowatenganisha.

Simba: chonge za kushikilia, si za kukata

Watu huzitazama chonge za simba, zinazotokeza kiasi cha sentimita 5 nje ya fizi, wakadhani ndizo visu vyake. Sivyo. Zina umbo la mviringo, imara, na kazi yake ni kuzama na kushikilia bila kuvunjika wakati mnyama wa kilo 400 anajirusha. Nyuma ya kila chonge kuna nafasi tupu kwenye fizi. Nafasi hiyo ndiyo inayoziruhusu chonge kuzama mpaka mwisho bila meno ya nyuma kugota kwenye ngozi.

Kwa ng'ombe, simba hutumia njia mbili. Ya kwanza ni kubana koo na kuliziba bomba la hewa. Ukichuna utakuta mashimo manne, mawili upande huu na mawili upande wa pili, na bomba la hewa limepondeka, mara nyingi lina povu ndani. Ya pili ni kuuingiza mdomo na pua ya ng'ombe kinywani mwake na kuvifunga. Ndiyo anayoitumia sana kwa nyati na madume makubwa, na wachunguzi wengi huikosa kwa sababu hawakagui midomo ya mzoga. Ukiona shingo safi, igeuze pua uangalie. Kifo cha namna hii hakiji haraka. Huchukua dakika kadhaa, na kwa mnyama mkubwa zaidi ya hapo. Ndiyo maana damu huvilia vizuri kuzunguka mashimo.

Pamoja na meno tafuta kucha. Simba humwangusha ng'ombe kwa kumning'inia, hivyo mabegani, mgongoni na kwenye matako utaona michirizi mirefu inayokwenda sambamba, iliyopasua ngozi kama wembe. Fisi na mbwa hawana kucha za namna hiyo. Mchirizi wa kucha na mashimo makubwa ya koo vikikutana kwenye mzoga mmoja wa ng'ombe mzima, huna haja ya kuendelea kubishana.

Anapokula, simba hufungua kinena au tumbo, akaanza na maini, figo na nyama ya paja. Mara nyingi huliburuta tumbo la majani pembeni, na wakati mwingine hulifukia kwa udongo na nyasi. Nyama haikati kwa meno ya mbele, ambayo ni madogo na kazi yake ni kukwangua mabaki kwenye mfupa. Huinamisha kichwa upande akatafuna kwa pembe ya mdomo, pale jino la juu na la chini linapopishana kama mkasi. Taya lake hupanda na kushuka tu, haliendi kulia na kushoto kama la ng'ombe anayecheua, kwa hiyo hasagi kitu. Anakata pande na kumeza. Ulimi wake wenye vimiiba humalizia kukwangua. Mifupa mikubwa ya miguu huiacha mizima. Ncha za mbavu ndizo hutafunwa.

Fisi: hana mahali maalumu pa kuua

Fisi madoa hanyongi. Humkimbiza mnyama akimuuma nyuma na chini, mahali popote penye ngozi laini: kinena, kiwele, chini ya mkia, ubavu. Ng'ombe hufa kwa kutoka damu na kwa mshtuko, mara nyingi huku tayari analiwa. Kwa hiyo utakachokiona ni kuchanika kusikokuwa na mpangilio, mashimo yanayorudiwarudiwa, damu iliyotapakaa eneo pana, na damu iliyovilia kwenye mapaja na tumbo badala ya kooni. Punda aliyenusurika akiwa amekatwa mkia, au mtamba aliyeng'olewa kiwele, ni kazi ya fisi au ya mbwa. Ukitaka kuwatenganisha hao wawili, angalia mifupa.

Kinachomtofautisha fisi kimo kwenye meno yaliyo mbele ya magego. Jino la tatu baada ya chonge kwa juu, na la pili kwa chini, ni nene, lenye umbo la pia iliyopinduliwa, na gamba lake la nje limesukwa kwa namna inayozuia nyufa kuenea. Hilo ndilo nyundo yake. Nyuma yake kuna meno ya mkasi kama ya simba. Kazi zimegawanywa: nyundo inapasua mfupa, mkasi unabaki mkali kwa ajili ya ngozi na mishipa. Simba akijaribu kupasua mfupa wa paja la ng'ombe ataharibu mkasi wake, na hana nyundo.

Kuna ubishi usiokwisha kuhusu nani ana nguvu zaidi ya kuuma, simba au fisi. Ubishi wenyewe haumsaidii mfugaji. Simba ana kichwa kikubwa zaidi na taya zito. Fisi ana jino lenye umbo linalofaa na fuvu linalolihimili. Unachohitaji kujua ni kwamba mfupa mkubwa uliopasuliwa ukaliwa uboho wake umepitiwa na fisi, na hilo bado halikuambii nani aliua.

Fisi hula karibu kila kitu. Kundi likipata ndama, asubuhi unaweza kukuta doa la damu, majani ya tumboni yaliyomwagika na kwato moja. Mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa aliyoila. Nyayo zake huonyesha kucha, na za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Nyayo za simba na chui hazionyeshi kucha, na kisigino chake kina vinundu vitatu nyuma. Wayo wa simba mzima hupita upana wa sentimita 10. Wa chui hauzidi 9 au karibu na hapo.

Chui na duma: wanafanana kwa mbali tu

Wote wawili hukamata koo, na chui huongeza kisogo kwa mnyama mdogo kama mbuzi. Kwenye mbuzi, vipimo vya chonge vinaweza kukuchanganya kwa sentimita moja au pungufu. Kuna mambo matatu ya kuwatenganisha. Chui huja usiku, duma huja mchana. Chui huburuta na kuficha: chini ya kichaka kizito, kwenye korongo, au juu ya mti, na mara nyingi hunyofoa manyoya kwa meno ya mbele kabla ya kula, ukakuta vishungi vya manyoya vimetapakaa. Duma hula hapohapo, harakaharaka, akiogopa kunyang'anywa, na hapasui mifupa.

Meno ya duma yenyewe yanaeleza maisha yake. Chonge zake ni fupi, na mizizi yake ni midogo ili kuacha nafasi ya pua pana ya kuvutia hewa baada ya mbio. Matokeo yake hawezi kumshikilia ng'ombe mzima. Mtu akileta madai kwamba duma ameua dume la ng'ombe, rudi kwenye shingo ukaichune upya. Nyayo zake zina kucha, tofauti na paka wengine wakubwa, kwa sababu kucha zake haziingii zote ndani.

Chui akifanikiwa kuingia kwenye banda lililofungwa lenye mbuzi wengi anaweza kuua kumi na kumla mmoja. Watu husema amefanya kwa uchokozi. Silika yake ya kushika huamshwa na kila kinachokimbia mbele yake, na ndani ya banda mbuzi hawana pa kukimbilia.

Wengine, kwa ufupi

Mbwa mwitu huwinda asubuhi na jioni, kwa kundi, na mnyama huraruliwa kwa dakika chache. Huwapata zaidi mbuzi na kondoo waliopotea malishoni. Kuingia bomani usiku si tabia yake.

Mbwa wa nyumbani ndio washtakiwa wanaosahaulika. Wanauma miguu ya nyuma, masikio, mkia na mashavu, wanajeruhi wengi na kula kidogo au wasile kabisa. Kondoo saba wenye majeraha, hakuna aliyeliwa: anza kuwatazama mbwa wa majirani kabla ya kupanda porini.

Bweha ni wa wanambuzi. Mashimo madogo kooni, tumbo limefunguliwa nyuma ya mbavu, mzoga umebaki palepale.

Nyani humshangaza kila asiyemjua. Chonge za dume ni ndefu, zinakaribia za chui, na zina makali ya nyuma ambayo hunolewa na jino la chini kila anapofunga mdomo. Hazikuumbwa kwa ajili ya kula nyama. Ni za kutishia na kupigana na madume wenzake. Hata hivyo nyani akimpata mwanambuzi mchana humrarua kwa mikono na meno, akafungua tumbo na kunywa maziwa yaliyoganda ndani yake. Tumbo limepasuliwa, maziwa hayapo, ni mchana na hakuna alama ya kunyonga: ni yeye.

Mamba ana meno ya kushika tu, yasiyokata wala kutafuna, yakitoka yanaota mengine. Ndiyo maana hujizungusha majini ili kunyofoa. Ng'ombe aliyetoka mtoni na safu ya mashimo yaliyopangana mguuni au puani hahitaji uchunguzi mrefu.

Jino likiharibika

Chonge ya simba huvunjika, kwa teke la pundamilia au kwa pembe ya nyati. Kwenye mzoga utaona mashimo matatu badala ya manne, na mashimo mengi ya kubahatisha kwa sababu hakuweza kushika mara moja. Alama hiyo ikijirudia kwenye mizoga miwili au mitatu, una simba yuleyule. Iandike na uipige picha. Maafisa wa wanyamapori wataihitaji kama itabidi mnyama mmoja aondolewe.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Rufiji. Kati ya 2002 na 2004 simba aliwaua watu takriban 35 katika vijiji kadhaa, na alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Mmoja wa simba wawili wala watu wa Tsavo, Kenya, waliouawa Desemba 1898 naye alikuwa na chonge ya chini iliyovunjika na usaha kwenye mzizi. Mafuvu yao yako katika makumbusho ya Field Museum, Chicago. Watu wamejenga juu ya visa hivi imani kwamba simba anayevamia ni lazima awe mgonjwa wa meno. Tuwe waangalifu. Mwenzake wa Tsavo hakuwa na tatizo kubwa kama hilo, na simba wengi wanaovamia mifugo wana vinywa vizima. Wanakuja kwa sababu ng'ombe ni rahisi kuliko nyati, na lango lilikuwa wazi.

Sasa chagua boma

Ukishajua ni nani, chagua kwa kumfuata yeye, si kwa kumfuata jirani.

*Simba.* Mara nyingi haruki ukuta kubeba ng'ombe. Huzunguka kwa upande unakotoka upepo, ng'ombe wanapata harufu yake, wanakurupuka, wanavunja boma kutoka ndani, naye anawasubiri nje. Kwa hiyo nguvu ya ukuta kutoka ndani ni muhimu sawa na kimo chake. Boma la miiba ya migunga linahitaji kujazwa mara kwa mara, na kila mara ni mti mwingine unakatwa. Katika nyika ya Wamaasai upande wa Tanzania umeenea uzio hai: magogo ya miti jamii ya manemane hupandwa kama nguzo wakati wa mvua, yanachipua na kuota mizizi, kisha yanafungwa waya wa wavu wenye kimo cha kama mita 1.8. Nguzo iliyo hai hailiwi na mchwa, na mwaka baada ya mwaka inanenepa. Kosa la kawaida ni kupanda magogo kiangazi au kufunga waya kabla hayajashika. Yanalegea, na ng'ombe wakisukuma kwa pamoja upande mzima unalala.

Taa zinazowakawaka, ambazo kijana Mkenya Richard Turere alizibuni karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, humtia simba wasiwasi kwa kuwa anadhani mtu anatembea na tochi. Zinafaa, ni nafuu kuliko waya, ila zinahitaji betri yenye chaji na zinahitaji kubadilishwa mahali na mpangilio. Taa iliyokwama inawaka bila kuzima ni pambo. Na hazina msaada malishoni.

*Fisi.* Hatari yake iko chini. Husukuma, huchimba, hutafuna kamba na matawi, na hupita kwenye upenyo ambao ungedhani mbwa tu ndiye angepita. Zika wavu kiasi cha sentimita 30, au kama ardhi ni mwamba ulaze kuelekea nje na uufunike mawe mazito. Kondo la nyuma la ng'ombe aliyezaa lizikwe mbali, wala lisitupwe nyuma ya boma. Harufu yake humleta fisi, na ndama mchanga ndiye anayemkuta.

*Chui.* Usipoteze fedha kwa ukuta mrefu zaidi. Anaupanda. Mbuzi na kondoo walale kwenye banda lenye paa, na paa lenyewe liwe limefungwa, si matawi yaliyowekwa juu. Kata tawi lolote linaloning'inia juu ya banda. Dirisha liwe na wavu uliopigiliwa kwa ndani na nje.

*Mbwa mwitu na duma.* Hapa waya ni hasara. Wanakuja mchana malishoni, kwa hiyo fedha itumike kumlipa mchungaji mtu mzima badala ya kuwatuma watoto wawili na mbuzi mia, na kuhesabu kundi kabla ya kurudi. Mbuzi aliyebaki nyuma ndiye anayeliwa.

*Nyani.* Wanambuzi wasiachwe peke yao bomani mchana. Mbwa mmoja mzuri na mtu wa kuwafukuza wanatosha.

Baada ya kumjua mnyama, wapo wanaokimbilia sumu. Dawa ya wadudu inayopakwa kwenye mzoga haichagui. Inaua simba, fisi, mbwa wa nyumbani, na tai kwa makumi, na tai ndio waliokuwa wanamaliza mizoga ya kimeta. Badala yake toa taarifa siku ileile, na picha zako za kipimo: kwa Tanzania ni kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ili suala la kifuta jasho lianze kushughulikiwa, kwa Kenya ni kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya 2013. Madai yanayokuja na shingo iliyochunwa, mashimo yaliyopimwa na rula kwenye picha hayarudishwi kirahisi kwa hoja kwamba "huenda ni fisi tu".

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, anza na lango. Wafugaji wengi huzungusha waya mzuri kisha wakafunga mlango kwa matawi mawili ya mgunga, na huko ndiko wavamizi wa boma wanakopita. Nguzo za lango zichimbiwe kina cha angalau sentimita 60, mlango uwe wa mbao nzito au bati juu ya fremu ya chuma, ufungukie ndani ili ng'ombe wakisukuma wauzidishe kujifunga, na chini yake paachwe nafasi ambayo ngumi yako haipiti.